Nati ya Juu ya Difu

Tuseme mapema tusije tukalaumiana: Mwinyijuma hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wivu, basi. Na wivu wenyewe haukuwa wa mke wala wa nyumba. Ulikuwa wivu wa magari ya watu. Gari alilolishika mara moja tu alilihesabu lake mpaka siku litakapouzwa skrepa, na mwenye gari kwake alikuwa mtu wa kulitia mafuta na kuliendesha. Akikatiza Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, akaona boneti ya mteja wake wa zamani imefunuliwa mbele ya fundi mwingine, siku hiyo hata chai ilimkaa kooni.

Alizaliwa Mwera, kule Pangani, kwa baba mwenye minazi michache na maneno mengi. Akaja Tanga mjini na miaka kumi na sita, akaanza kwa kuosha vyuma na mafuta ya taa kwenye gereji ya Mhindi mmoja. Sasa alikuwa na hamsini na sita, na gereji yake mwenyewe: mabati juu, mchanga mweusi wa oili chini, na jina. Hilo jina ndilo hasa alilokuwa nalo. Gari likitoa mlio usioeleweka, watu walisema, "Mpelekee Mwinyijuma," na maneno hayo yalimshibisha kuliko wali wa mkewe Semeni, ingawa wali wa Semeni nao haukuwa wa kuchezewa.

Katika magari yote aliyojimilikisha kwa moyo, hakuna alilolipenda kama Subaru ya Asheri. Ilikuwa ya buluu, injini yenye turbo, matairi mapana, na bomba la moshi ambalo mlio wake ulifika kona ya mtaa kabla ya gari lenyewe. Asheri alikuwa mkemia wa kiwandani, Mpare mpole anayeongea kama mtu aliye maktaba, lakini upole wake uliishia kwenye mlango wa gari hilo. Jumapili baada ya kanisa alikwenda nalo barabara ya Horohoro, mahali palipo na lami iliyonyooka, akalifungulia. Miaka sita Mwinyijuma alikuwa akiliendea nyumbani kwake Sahare, kwa sababu Asheri hakupenda gari lake lilale gereji za watu.

Alhamisi moja, katikati ya chakula cha mchana, Semeni akasema kama anayezungumzia bei ya nyanya:

"Weye una habari Lea anakwenda kwa Asheri Jumamosi?"

"Kufanya nini?"

"Miye n'tajuaje mambo yenu? Jenifa mkewe kaniambia sokoni. Ati anakwenda kubadilisha oili ya difu. Palepale uani."

Mwinyijuma akalirudisha tonge kwenye sahani.

Lea alikuwa mwanafunzi wake. Binti wa wafanyakazi wa shamba la mkonge upande wa Muheza, Mlutheri, aliyekuja gereji miaka kumi iliyopita na kusimama mlangoni akisema anataka kujifunza. Mafundi walicheka. Mwinyijuma naye alicheka, halafu akampa spana. Miaka sita alimfundisha, na alimfundisha kweli, hakumbania. Kisha Lea akaondoka kwa adabu zote, akanunua pikipiki, akafunga sanduku la vyuma nyuma, akawa anawafuata wateja majumbani. Mjini watu wakaanza kusema, "Mwite Lea." Mwinyijuma aliyasikia maneno hayo kinyozini, akayasikia msikitini wakati wa kuvaa viatu. Kila mara alijibu, "Ni mtoto wangu huyo, nimemfundisha miye," akitabasamu kwa meno ya mbele tu, huku ndani anaungua.

Lakini Alhamisi ile, juu ya wivu kulikuwa na kitu kingine, nacho kilikuwa hofu.

Difu ni kile kichwa cha chuma kilicho katikati ya magurudumu ya nyuma, kinachogawa nguvu kulia na kushoto. Kina oili yake, na nati mbili: ya juu ya kujazia, ya chini ya kumwagia. Miaka miwili nyuma, Mwinyijuma alipokuwa akiifunga ile ya juu kwa haraka, aliiingiza upande. Akaisukuma kwa nguvu, nyuzi zikakatika, nati ikawa inazunguka bure kama kifuniko cha chupa iliyozeeka. Palikuwa na maneno ya kusema pale: "Bwana Asheri, nimeharibu, nipe siku mbili nitengeneze." Maneno hayo hayana hata herufi ngumu. Hakuyasema. Alipaka gundi ya chuma, akaibandika nati, akafuta mikono, akanywa soda aliyoletewa.

Mwaka uliofuata Asheri akamwita tena kwa kazi ileile. Mwinyijuma alilala chini ya gari robo saa, akaifuta difu kwa tambara mpaka ikang'aa, akatoka akasema tayari. Oili mpya aliyopewa aliondoka nayo kwenye mfuko. Hata Semeni hakulijua hilo.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo Lea angelala chini ya gari lile, na kimojawapo kingetokea. Akianza na nati ya chini, oili ya zamani ingemwagika yote, halafu ya juu ingegoma, na gari lingebaki juu ya mawe halina oili, mbele ya mteja. Aibu ingekuwa yake Lea. Akianza na ya juu, angeiona gundi, na jina la miaka arobaini lingekwisha kabla ya adhuhuri.

Ijumaa usiku, nasikitika kusema, Mwinyijuma aliomba dua mbaya. Alimwomba Mungu binti wa watu aanze na nati ya chini.

Asubuhi alifika Sahare kabla ya Lea kuanza kazi. Alibeba papai moja kubwa kama kisingizio.

"Shikamoo mzee," Asheri akamwamkia, uso umemshuka kidogo kama wa mtu aliyefumaniwa. "Karibu. Sikutegemea..."

"Marahaba. Nilikuwa napita tu. Nikasema nimjulie hali bwana Asheri."

Hakuna anayepita tu Sahare na papai. Asheri alimvutia kiti cha plastiki, akamweka kivulini, na pale Mwinyijuma akakaa kama mkwe aliyekuja posa ya watu wengine.

Lea alitoka nyuma ya gari akifuta mikono, akapiga goti dogo. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Endelea, endelea. Mimi mtazamaji."

Akatazama, na kila alichokitazama kilimchoma. Lea alikuwa ametandika turubai safi chini. Gari lilikuwa juu ya stendi nne za chuma, usawa mmoja mbele na nyuma, ili oili isidanganye kipimo. Mwinyijuma alizoea jeki moja na tofali. Lea alikuwa na glavu, taa ya kuvaa kichwani, bomba dogo la mkono la kuvutia oili na kuisukuma ndani. Oili mpya ilikuwa kwenye makopo yaliyofungwa, ya aina inayofaa difu ya gari la mbio.

"Nimemwambia aliendeshe kidogo kwanza," Lea akamweleza mwalimu wake, "ili oili ipate moto iwe nyepesi. Ndivyo ulivyonifundisha."

"Ndivyo," alisema Mwinyijuma, na neno hilo likamkwaruza. Lea angekuwa amefundishwa na mwingine, angalau yeye Mwinyijuma angekuwa na pa kumchukia.

Lea akajilaza chini. Taa yake ikamulika difu. Mkono ukaenda kwenye nati ya chini, na moyo wa Mwinyijuma ukaruka. Anaanza na ya chini! Lakini Lea aliipangusa tu vumbi kwa brashi, akaiacha. Akaingiza chuma kwenye shimo la nati ya juu, akavuta.

Nati haikutikisika. Akavuta tena. Kisha akakwangua ukingo wake kwa ncha ya bisibisi, na unga wa kijivu ukamwangukia kwenye glavu. Aliunusa. Kutu haina harufu ile.

Akabaki chini ya gari muda mrefu, miguu tu ikionekana. Mwinyijuma alihesabu matundu ya kiti cha plastiki. Lea alipojiburuza nje, hakumtazama Asheri kwanza. Alimtazama mwalimu wake, macho kwa macho, na pale Mwinyijuma akajua kwamba amejua. Gereji nzima ya Barabara ya Kumi na Nne hakuna aliyekuwa akipaka gundi ya chuma kwa kidole gumba, ikaacha alama ya kidole pembeni, isipokuwa mtu mmoja.

"Kuna tatizo?" Asheri akauliza.

Sasa kuna desturi moja ya mafundi ambayo wateja hawaijui. Kosa la fundi aliyekutangulia hulitaji mbele ya mwenye gari. Unalitengeneza, unafunga mdomo. Unamsitiri mwenzio, kesho naye akusitiri. Mwinyijuma mwenyewe ndiye aliyemwingiza Lea somo hilo kichwani, wiki ya kwanza kabisa, kabla hata ya kumwonyesha jina la spana.

"Kutu, kaka," Lea akasema. "Nati imeshikwa na kutu. Hii hewa ya chumvi. Nitaipasha moto itatoka."

"Kutu? Si mzee aliifungua mwaka jana?"

Lea akageukia sanduku lake. "Mwaka mmoja huku pwani ni mwingi."

Mtu mwenye akili zake angesema alhamdulillahi, akaaga akaenda zake. Jina lilikuwa limeokoka. Lakini Mwinyijuma hakuhisi ameokoka. Alihisi ametiwa mfukoni. Binti aliyemfundisha kushika nyundo alikuwa amemfunika nguo mbele za watu, kwa huruma, na angeondoka pale anajua, na kila akimwamkia shikamoo angekuwa anajua. Heri angemtukana.

Lea akafanya kazi. Aliipasha nati moto kidogo kidogo kwa mtungi mdogo wa gesi, huku tambara bichi likilinda mpira wa karibu. Gundi ikalainika. Akagonga, akavuta, akagonga. Baada ya karibu saa nzima nati ikatoka na nyuzi zake zilizoliwa. Akachukua kifaa cha kuchongea nyuzi upya, akakipaka grisi nene ili chembe za chuma zinate humo zisiangukie ndani, akakizungusha taratibu, nusu mbele, robo nyuma. Mwinyijuma aliuangalia ule mkono, uliotulia, usio na papara, akauonea wivu kuliko alivyowahi kuonea kitu chochote duniani. Yeye asingeweza. Hata ujanani, na mkono wake wa ujana, asingeweza.

Kisha ndipo Lea akafungua nati ya chini. Ikatoka oili nyeusi, nzito, yenye harufu ya kuungua. Hakuna oili ya mwaka mmoja inayokuwa hivyo. Lea akaitazama ikitiririka kwenye karai.

"Binti huyu hana mfano!" Asheri akapiga makofi. "Mzee Mwinyijuma, umefundisha, lakini hapa mwanafunzi amekupita. Kubali tu."

Alisema kwa utani. Na Jenifa, mkewe, akatoka jikoni na sinia ya chai, akampita mzee wa miaka hamsini na sita kwenye kiti chake, akampa Lea kikombe cha kwanza.

Kilikuwa kikombe tu. Wivu hauna aibu, unaweza kumpanda mtu mzima kwa kikombe.

"Si kutu ile," Mwinyijuma akasema.

Wote wakageuka.

"Ni gundi. Niliiweka miye. Niliiharibu nati miaka miwili iliyopita nikaibandika, na mwaka jana sikubadilisha kitu." Angekomea hapo, angekuwa ametubu, na mimi ningemsifu. Lakini ulimi ulikuwa na kilichobaki. Akanyoosha kidole kwa Lea. "Na yeye anajua. Tangu saa ile anajua. Muulize."

Lea alikuwa ameshika kikombe karibu na mdomo. Akakishusha.

"Lea, ulijua?" Asheri akauliza, sauti yake ileile ya maktaba.

"Nilijua."

"Ukaniambia kutu."

"Ndiyo, kaka."

Hakutaja desturi. Hakusema nani alimfundisha. Mwinyijuma alingoja aseme, ili angalau wagawane lawama, naye hakusema.

"Mke wangu na watoto wanapanda gari hili," Asheri akasema. "Naendesha mwendo ambao difu ikishika, sote tumekwisha. Huyu mzee amenidanganya miaka miwili, sawa, nimemjua. Lakini wewe nilikuita kwa sababu ya kuaminika." Akatikisa kichwa. "Maliza. Nitakulipa. Kuanzia sasa nitapeleka gari Dar."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Dua ya Ijumaa ilijibiwa, japo kwa njia nyingine. Lea alikuwa ameanguka mbele ya mteja, na Mwinyijuma alikuwa pale kushuhudia, na kiti chake kivulini. Alingoja ile raha. Aliingoja kwa dhati, kama mtu anayengoja dawa imshike. Haikuja.

Lea akarudi chini. Alisukuma ndani oili kidogo ya kusafishia, akaimwaga, akafunga ya chini na pete mpya ya kuzuia kuvuja, akajaza mpaka oili safi ikaanza kudondoka kwenye tundu la juu, akafunga nati mpya, pana kidogo, kutoka sandukuni mwake, kwa spana ya kupimia nguvu. Kazi safi kabisa, mbele ya watu waliokwisha kumpa mgongo. Asheri na Jenifa walikuwa wameingia ndani.

Mwinyijuma akaenda kugonga mlango. Jenifa alifungua nusu.

"Mwambie mumeo," akasema, "yule binti hakudanganya kwa nafsi yake. Ni mimi niliyemfundisha kuficha makosa ya mafundi. Asimwache. Mimi aniache."

"Nitamwambia, mzee," Jenifa akasema. Aliufunga mlango kwa adabu. Kama alimwambia au hakumwambia, Mwinyijuma hakupata kujua. Anachojua ni kwamba Subaru ile haikurudi kwake, wala hakuisikia kwa Lea.

Alimkuta Lea nje ya geti akifunga sanduku kwenye pikipiki. Akasimama mbele yake, mikono haijui pa kukaa.

"Mwanangu, nisamehe. Shetani tu."

"Si shetani, baba." Hakuwa anafoka. "Umeniona ninafanya kazi, ikakuuma. Niliona tangu ulipokaa."

"Kwa nini basi ulinifichia? Ungesema tu. Ungesema kweli, leo ungekuwa na mteja."

Lea akavuta kamba ya sanduku, akaikaza.

"Unakumbuka lile lori la mkonge? Wiki niliyoanza. Ulifunga gasketi vibaya, injini ikachemka njiani, wakalivuta mpaka gereji. Mwenye lori alikuwa anamfokea dereva wake. Ukatoka mbele ya watu wote, ukasema, 'Dereva hana kosa. Nimekosea mimi, nitarudia bure.' Nilipanda gari kurudi Muheza siku ile nikamwambia mama nimepata mwalimu." Akavaa kofia ngumu ya pikipiki. "Huyo ndiye niliyemfichia leo. Si wewe."

Akawasha pikipiki, akaondoka kuelekea mjini.

Mwinyijuma alilikumbuka lile lori. Alikuwa amelisahau kabisa, hata rangi yake ilikuwa imemtoka. Alibaki pale getini, jua limesimama utosini, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi hakumwonea wivu Lea wala Asheri wala gari la buluu. Alimwonea wivu yule fundi wa kwenye lori, ambaye binti wa watu alimpenda kiasi cha kumpotezea mteja, na hakujua aanzie wapi kumtafuta.